Alama Saba za Vema

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidomo alifungua bomba la mtaa, akasubiri ndoo ijae, kisha akaweka alama ya vema kwenye fomu iliyobandikwa ukutani mwa kibanda. Kazi ilikuwa ya bibi yake, mtunza bomba, ila magoti ya bibi yalikuwa yameanza kudai likizo.

Fomu ile haikuwa karatasi ya kufungia karanga. Halmashauri ilitoa kisima, kampuni binafsi ikalaza mabomba na kuyaendesha. Mkataba wao ulisema hivi: siku maji yasipotoka, fomu ipigwe msalaba, na kampuni itengeneze kabla ya saa ishirini na nne kwisha.

Jumatatu Kidomo alikuwa na usingizi. Maji si hutoka tu kila siku? Akapiga vema saba kwa mkupuo, hadi Jumapili, akajipatia wiki nzima ya kulala.

Jumatano aliporudi kutoka shule, ndoo tupu zilikuwa zimejipanga hadi barabarani. Mkunga wa zahanati alikuwa na zake mbili. "Nina mama anajifungua leo," alisema, "na sina hata tone la kunawa mikono."

Kibandani, msimamizi wa kampuni alikuwa akimwonyesha mhandisi wa halmashauri ile fomu. Bibi alisimama kando yao.

"Leo vema, kesho vema," msimamizi alisoma. "Bibi, hata maji ya Jumapili yameshatoka? Kumbe mtaa huu una watabiri."

"Mama," mhandisi alisema taratibu, "kwa fomu ya kubuni siwezi kumlazimisha mtu kutengeneza. Na wewe siwezi kukuacha kwenye kazi hii."

Kidomo, aliyehamishwa dawati mara tatu kwa kupiga soga, alihisi ulimi umegeuka jiwe. Bibi akamtazama, akajua, akanyamaza. Kunyamaza kule kulichoma kuliko fimbo.

"Ni mimi," Kidomo alisema. "Nilijaza ili nilale. Bibi hakujua."

Mhandisi akatoa fomu mpya. "Fungua bomba."

Likakoroma, likatema hewa.

"Haya, andika unachokiona."

Kidomo akapiga msalaba. Msimamizi akatazama saa, akatia saini, akawapigia simu mafundi.

"Bibi abaki," mhandisi alisema. "Msaidizi wake ndiye wa kuchungwa."

Jioni ile Kidomo alimbebea mkunga maji kutoka kisima cha mbali, safari tatu. Asubuhi bomba likatoa maji, naye akasubiri ndoo ijae kabisa ndipo akapiga vema, moja tu.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "kampuni ina mashine, halmashauri ina muhuri. Sisi wa mtaani tuna macho tu. Tukiyafumba, nani atajua tuna kiu? Andika ulichokiona, si unachokitarajia. Na ule usingizi wako wa wiki nzima, nimeshauchukua mimi."