Swali la Saa Sita

Zivanai alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Chitungwiza. Jumapili hiyo aliisukuma kando sahani yake ya sadza, ugali wa kwao, kwa hasira. Binti yake Nyaradzo alikuwa akisomea sheria katika chuo kikuu cha mapadre Wajesuiti, na alikuwa amemwambia kwamba kila Jumatano chuo huwatuma wanafunzi kuwaogesha wazee wasio na ndugu.

"Nilikupeleka ukawe wakili, si yaya wa vikongwe!" alifoka. "Wiki hii nakuhamisha!"

Nyaradzo alilengwalengwa na machozi. Alikipenda chuo chake.

Jirani yao Mai Gwatidzo, mpishi wa chuo hicho, aliyekuwa akila nao, alicheka. "Baba Nyaradzo, hasira hasara. Mtakatifu Inyasi, aliyeanzisha shirika la mapadre hao, alikuwa askari. Aliumia mguu, akalala kitandani miezi kadhaa. Hapo ndipo alipojifunza kuuchunguza moyo wake."

"Sasa hayo na mwanangu wapi na wapi?"

"Ndiyo elimu yao. Kila siku saa sita mchana kengele inalia, wote kimya. Profesa kimya, na mimi na mwiko wangu kimya. Tunashukuru, halafu tunajiuliza: tangu asubuhi nimempenda nani? Nimempuuza nani? Kwao, msomi asiyemjali mtu bado hajasoma. Jaribu kesho, ndipo umhamishe."

"Mimi? Na vyuma vyangu?"

"Wewe wewe!"

Jumatatu saa sita, Zivanai alizima mashine. Aliona haya kidogo. Alishukuru kwa kazi ya geti la tajiri mmoja. Kisha akamkumbuka bibi mjane aliyekuja asubuhi na kiti cha chuma kilichovunjika mguu. "Njoo mwezi ujao, bibi, nina kazi ya maana," alikuwa amemwambia. Bibi alikuwa amejitwika kiti chake, akaondoka.

Zivanai aliumia moyoni. Alibeba mashine yake, akamfuata hadi kwake, akakichomelea kile kiti. Bibi alikaa, akapiga vigelegele. Jioni Zivanai aligundua kwamba furaha ya geti ilikuwa imeshapoa, lakini ya kiti ilikuwa bado ipo.

Jumatano Nyaradzo alifika kwenye makao ya wazee hao na beseni lake. Akamkuta baba yake amepiga magoti kando ya kitanda, nyundo mkononi.

"Baba! Umekuja kunichukua?"

"Vitanda hivi vinalia, wazee hawalali," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe waogeshe watu wako, wakili. Maji yanapoa."