Mgeni wa Bukoba

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu Amna, Ramadhani ya mwaka 1974, akichambua mchele wa futari.

Mwaka 1956 mumewe, Ubeid, alifunga duka lake la Kariakoo, akampeleka mapumzikoni pamoja na Azza, binti yao mdogo. Walipanda gari la moshi hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Azza alipungia mkono kila stesheni.

Melini, katika chumba cha wanawake, walimkuta mama mmoja wa makamo. Shangazi alifungua mkate wa kumimina, akamkaribisha. Yule mama alitafuna, akausifu. Kipande mkononi mwake hakikupungua.

Wakiagana, shangazi alisema lile ambalo watu wa pwani husema: akija Dar, karibu kwao. Mama akauliza kama wote wanamkaribisha. Azza akacheka.

"Karibu, bibi. Utalala na mimi."

Walirudi Kariakoo alasiri, wachukuzi wakipigana vikumbo barabarani. Ubeid alifungua kufuli la nyumba yao. Ukumbini, juu ya mkeka, alikaa yule mama.

"Karibuni," alisema. "Piteni, msisimame mlangoni."

Mlango ulijifunga nyuma yao. Jikoni sufuria ilichemka. Moto haukuwapo.

Ubeid aliusukuma mlango, akapiga kelele. Nje watu walibishania bei ya vitunguu. Kila neno lilisikika. Hakuna aliyewasikia wao. Alimwamuru mama atoke kwake. Akaulizwa, kwa upole, kwake ni wapi.

Hapo shangazi akaelewa. Anayekaribisha ndiye mwenye nyumba. Mgeni hatoki bila kuaga.

"Tuage," alinong'ona.

"Nyumba nimeijenga mimi, Amna."

"Na Azza?"

Ubeid akamtazama binti yake, akauacha mlango.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Mama mwenye nyumba, tunaomba ruhusa."

"Mapema hivi? Haya, nendeni. Mtoto abaki. Alisema nitalala naye."

"Mtoto naye ni mgeni wako, mama. Mgeni halazimishwi kulala."

Sufuria ikaacha kuchemka.

"Kweli," alisema mama. "Lakini asiondoke mikono mitupu."

Akakifumbata kiganja cha Azza. Mlango ukafunguka.

Walitoka. Hawakurudi hata kuchukua nguo. Barabarani Azza alifumbua mkono: kiganjani palikuwa na maua ya hina, yamekolea. Hayajafutika mpaka leo.

Ubeid alifariki 1961. Shangazi tulimzika mwaka jana. Azza yu hai, anaishi Tanga. Yule wa nne, yule mama, sijui nimwandike upande gani, wa walio hai au wa wafu.