Mti wa Kuazima

Kila alasiri, akishaosha vyombo na kufagia chumba cha kushonea, Chiriku aliruhusiwa kukaa na kishikwambi cha mama yake mpaka giza liingie. Mama, fundi cherehani, alikitumia kuwaonyesha wateja mitindo ya magauni. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikitumia kuchorea.

"Usinipakie mafuta kwenye kioo."

"Nimenawa, Mama."

"Hata jana ulisema umenawa."

Safari hii alichora mandhari kwa ajili ya ukuta wa maktaba ya shule. Picha bora ingechapishwa, kubwa kama mlango. Vilima vilimtoa jasho. Mwanzoni vyote vilikuwa kijani kimoja, kama vimepangwa foleni. Akatoka nje, akatazama, akarudi, akafuta. Mwishowe vilima vya mbali akavipa samawati iliyofifia, vya kati kijani chenye ukungu, na bonde la karibu akalikoleza. Ungedhani unaweza kuingia humo ukatembea.

Lakini mti wa mbele ulimshinda. Kila akiuchora ulikuwa kama ufagio uliosimamishwa. Siku ya mwisho alichoka. Akapata mtandaoni mti mzuri uliochorwa na mtu mwingine, akaukata, akaubandika kwenye picha yake, akaituma kwa mwalimu.

Mwalimu wa sanaa aliionyesha darasani, macho yakimng'aa.

"Tazameni mwanga unavyopenya kwenye majani! Hii ndiyo ya ukutani. Na kesho, Chiriku, utasimama hapa utuonyeshe ulivyouchora mti huu, hatua kwa hatua."

Darasa likapiga makofi.

Jioni hiyo alipiga pasi kimya kimya. Mama akasimamisha cherehani.

"Leo umemeza nini? Nyumba imepoa kama hakuna watu."

"Hakuna kitu, Mama."

"Hakuna kitu, na shati hilo unalipiga pasi upande uleule tangu nianze kushona mkono huu?"

Machozi yakamtangulia. "Ule mti si wangu. Niliutoa mtandaoni."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Basi umeuiba. Tusiupake sukari."

"Kesho nisiende, Mama. Niseme naumwa tumbo."

"Utaumwa tumbo mpaka lini? Picha ikishabandikwa itakaa pale miaka." Kisha mama akamvuta, akamfuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Na vilima?"

"Vilima ni vyangu. Vyote."

"Najua. Nilikuona ukitoka na kuingia kama kuku anayetafuta pa kutagia." Chiriku akacheka huku analia. "Kesho utamwambia mwalimu kabla ya kengele. Nitakusindikiza mpaka getini. Ndani utaingia mwenyewe, mdomo unao."

Asubuhi, mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Picha hii siwezi kuipeleka kuchapishwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini kipindi chako kiko palepale. Utasimama."

Chiriku alisimama, akawaambia wenzake ukweli. Mmoja akaguna, "Kumbe!" Chiriku akaufuta ule mti mbele yao kwenye kishikwambi cha mama, kisha akawaonyesha vilima: jinsi kitu kinavyopungua rangi kadiri kinavyokwenda mbali. Hapo sauti yake ikarudi, na maswali yakamiminika.

"Sasa mti," mwalimu akasema.

Chiriku akachora.

"Ufagio!" jirani yake wa dawati akapiga kelele. Darasa zima likaangua kicheko, na Chiriku mwenyewe akacheka.

"Umekimbilia majani," mwalimu akasema. "Jua lako liko wapi?"

"Kushoto."

"Basi upande wa kulia kuna giza. Anza na giza hilo."

Akatia giza upande wa kulia wa shina. Majani akayachora kwa mafungu, si moja moja, na mwanga akauweka kwenye kingo za kushoto tu. Akafuta, akarudia. Kipindi kilipoisha, mti ulikuwa umepinda kidogo, lakini ulisimama ardhini kweli.

"Umalizie nyumbani," mwalimu akasema. "Nitaishindanisha picha yako upya na za wenzako."

Picha iliyoshinda ilikuwa ya jirani yake wa dawati. Ya Chiriku ilichapishwa ndogo, ikatundikwa karibu na mlango wa maktaba. Siku ya wazazi, mama alisimama mbele ya picha hiyo, uzi mwekundu bado umenata begani.

"Mti umepinda."

"Ndiyo, Mama."

"Ni wako?"

"Ni wangu. Nikueleze nilivyouchora?"

"Nieleze."

Chiriku akaeleza, kwa mikono na mdomo, mpaka wazazi wengine wakasogea kusikiliza. Alipomaliza, mama alimshika bega.

"Nguo ya kuazima haisitiri, mwanangu. Ule mti mwingine ungekufanya umkimbie kila anayeuliza. Huu umepinda, lakini watu wanauliza na wewe hukimbii. Kazi yako mwenyewe ndiyo unayoweza kusimama nayo."