Magurudumu ya Nyuma

"Kome kwa Chaza. Mzigo umepita Msata. Usiuguse barabarani."

Ishaka Mwinjuma alibonyeza redio yake ya Motorola. "Chaza, nimesikia."

Alikuwa amelisikia agizo hilo mara nne tangu Ubena. Muda wote huo alijificha nyuma ya lori la mafuta, ndani ya Toyota Crown ya kijivu, akilitazama gari refu jeusi aina ya jipu lililokuwa mbele. Goti lilimuuma. Miaka ishirini na tisa ya ujasusi ilikuwa imemchosha, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima.

Dereva wa jipu aliitwa Nawaf. Simu yake ilibeba majina saba ya watu wa pwani walioisaidia idara ya ujasusi kimyakimya dhidi ya magendo ya silaha. Saa kumi na moja jioni, boti ya wageni walioyanunua majina hayo ingempokea Mbegani, karibu na Bagamoyo. Wageni hao hawakuuamini mtandao, walitaka kuipokea simu mkononi. Lakini Nawaf akishtuka, angebonyeza mara moja tu na majina yote yangeruka.

Jina la kwanza walishapewa juzi, kama kionjo.

Bwanausi, fundi wa mashine za boti. Maiti yake iliokotwa ufukweni alfajiri ya leo, na mazishi yalikuwa baada ya swala ya alasiri. Ishaka ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii.

Jina la pili lilikuwa la Bi Kholood, muuza udi mjini Bagamoyo. Saa hiyo alikuwa dukani kwake akipima ubani, hana habari.

Ghafla jipu likachomoka.

Mia na arobaini kwa saa. Likalipita lori, likalipita basi, likarudi upande wake bila kuyumba. Ishaka alijaribu kulifuata. Usukani wake ukawa mzito, Crown ikawa inahama kwa kujivuta.

"Kome, hili jipu linateleza kama liko juu ya mafuta."

Sauti ya Adila, mhandisi wa idara, ikajibu kutoka Dar. "Magurudumu yake ya nyuma nayo yanakata kona, kaka Ishaka. Kwenye mwendo mkali yanageukia upande uleule wa yale ya mbele. Usishindane nalo hapo."

"Na langu?"

"La kwako ujanja uko kwenye usukani. Ukikimbia unakuwa mzito, usije ukapinduka. Ukienda polepole unakuwa mwepesi, ukiugusa tu pua imeshageuka. Nyuma hufuata tu."

"Na lake likienda polepole?"

"Magurudumu ya nyuma yanageuka kinyume cha yale ya mbele. Gari refu vile linapinda kwenye uchochoro kama kigari. Ila mkia unatupwa nje. Akikata kulia, nyuma inakwenda kushoto."

Ishaka akatazama saa.

"Adila, polisi waifunge barabara kuu mjini Bagamoyo. Waseme kuna ajali. Nataka apite Mji Mkongwe."

"Kaka, si ndiko kwenye msiba wa Bwanausi?"

"Ndiko."

Alizijua njia za mkato. Kwenye vichochoro Crown ikawa nyepesi ajabu, kona tatu kwa mkono mmoja. Akafika kwanza. Akaegesha kushoto kwenye ukingo wa mtaro, akashuka, akavaa kofia yake iliyodariziwa kwa mkono.

Jeneza lilikuwa linakuja.

Jipu likatokea. Ishaka hakuwa na shaka. Nawaf alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Mtoto wa namna hiyo hapiti na gari mbele ya jeneza, hata kama ana haraka ya kuuza watu. Kweli, Nawaf alisogea kushoto kabisa ili maiti ipite, matairi yakakaribia kudondoka mtaroni, pua ikasimama nyuma ya Crown. Akafunga milango, akajiunga na wabebaji. Simu aliishika mkono wa kushoto.

Ishaka naye akaingia, wakajikuta bega kwa bega chini ya mti mmoja wa kubebea jeneza.

"Marehemu nani, shekhe?" Nawaf akanong'ona.

"Bwanausi. Fundi wa boti."

"Innalillahi."

Glock ilikuwa kiunoni mwa Ishaka. Hakuigusa. Chini ya jeneza hakamatwi mtu. Hakuna aliyemwamuru hivyo, ni malezi tu. Walilibeba hatua ishirini, wakapokezana na wengine, wakarudi kwenye magari.

"Hilo lako, shekhe? Umenibana."

"Toa tu. Nafasi ipo."

Nawaf alikuwa na haraka, na gari lilikuwa la tajiri wake, hakuzijua tabia zake zote. Akakata usukani wote kulia, akakanyaga mafuta. Pua ikageuka vizuri.

Mkia ukaenda kushoto.

Kishindo! Gurudumu la nyuma likazama mtaroni.

Wanaume watatu wa mwisho kwenye msafara wakarudi, kanzu wamezipandisha magotini. Mmoja akashika usukani. Nawaf aliona haya kuwatazama wenzake wakisukuma gari lake. Akaitumbukiza simu mfukoni, akaweka mikono yote miwili kwenye jipu.

Ishaka akasimama karibu naye. Pingu ikalia. Kabla Nawaf hajageuka, simu ilikuwa kwenye kiganja cha Ishaka.

"Wewe nani?"

"Mtu wa msiba. Unajua umembeba nani? Jina la kwanza humu ndani."

Nawaf aliiangalia njia jeneza lilikokwenda. "Wallahi sikuyasoma. Nilitumwa kupeleka tu."

Ishaka alimwamini, na hilo likamchosha zaidi. Akamkabidhi kwa askari kanzu wawili waliotoka kwenye gari la jirani.

"Chaza kwa Kome. Simu ninayo, haikutuma kitu. Wengine sita wako salama."

"Alhamdulillahi! Na Bi Kholood?"

"Muacheni auze udi wake."

"Mkuu anataka ripoti sasa hivi, kaka."

Ishaka akaizima Motorola, akatembea taratibu kuelekea makaburini, mikono nyuma, akichechemea kidogo. Walikuwa wameanza kufukia. Pazi, mtoto mkubwa wa marehemu, akampisha pembeni yake.

"Shikamoo, mzee. Ahsante kwa kuja. Mlijuana vipi na baba?"

"Marahaba. Alinisaidia kazi moja."

"Ikaisha?"

"Imeisha leo," Ishaka akasema, akainama kuchukua koleo.