Ngata Mlangoni kwa Ezron

Mtaniacha nipukuchue maharage yangu au hamniachi? Kila msiba, kila harusi, "Bibi, tuambie ya Ezron." Haya. Lakini atakayeogopa asije kulala kitandani kwangu.

Ilianza na ngata. Yunisi, mke wa Ezron, alitoka adhuhuri kugeuza kahawa juani, akaikuta kizingitini: ngata ya jani la mgomba, mbichi, imebonyea kama imetoka kichwani sasa hivi. Akaigusa. Ilikuwa na joto la mtu.

Akaitupa. Kesho yake, saa ileile, nyingine.

"Baba Tabita, nani hapa Hasamba bado anabeba mzigo kwa ngata ya mgomba?"

"Watoto wanacheza," Ezron alijibu. Lakini hakumwangalia.

Siku ya tatu wakasikia miguu. Jua liko utosini, mtu anazunguka nyumba, mzito, anahema kama aliyebeba, na harufu ya jasho na mkaa wa mhunzi ikaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Yunisi akachungulia. Uwanja mtupu. Kuku wote wamejibanza ukutani.

Binti yao, Tabita, alikuwa amechumbiwa na kijana wa kijiji cha Ruanda, harusi imebaki wiki tatu. Siku hiyo akajifunga kanga kiunoni kama msafiri.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Amekuja kunichukua, mama. Anasema mahari alishatoa. Majembe sita."

Ezron akakaa sakafuni, mtu mzima na mvi zake.

"Niliyauza," akanong'ona. "Yale ya mgombani."

Akayatapika yote: kwamba wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza mhunzi kijana, Anyelwisye, alimpenda Loisi, dada wa babu yake, na Loisi akawa anakwenda kumpulizia moto kwa mivukuto bila kujali midomo ya watu, na babu akapokea majembe sita ya mahari, kisha akawaonyesha askari wa Mjerumani alikojificha kijana, wakamfunga kamba shingoni, wakambebesha risasi hadi ng'ambo ya Tunduma, asirudi tena, naye Loisi akaozwa kwa mwenye ng'ombe huku analia; na babu alipoanza kusikia miguu adhuhuri akayazika majembe, akaacha neno yasiguswe mpaka ndugu za Anyelwisye waje kuyachukua.

"Na wewe uliambiwa?" Yunisi aliuliza polepole.

"Baba aliniambia akikata roho."

Aliambiwa, akachimba. Yameyeyushwa na wanunuzi wa chuma chakavu, yeye kwa pesa ile akaezekea choo.

Mlango ukasukumwa. Hakuna mtu. Tabita akapiga hatua moja kuelekea nje, kisha ya pili, mama yake akamdaka kiuno, akavutwa naye, visigino vyake vikichora sakafu.

"Majembe hayapo na binti hatoki," Yunisi alisema. "Lipa wewe, Baba Tabita."

Ezron akatambaa hadi kizingitini. Akaichukua ngata ya siku ile iliyokuwa pale, akajiwekea kichwani.

"Mtue mwanangu," akasema. "Mzigo nipe mimi."

Shingo yake ikalia kama kuni kavu. Tabita akakaa chini, akaomba maji. Miguu haikusikika tena.

Harusi ilifanyika. Ezron alikaa mbele, baba wa bibi harusi, hana kitu kichwani, shingo imezama mabegani, uso umeinama, anahema. Hospitali walimpiga picha ya shingo, hawakuona kitu. Watu wote walisifia uso wa Tabita siku ile. Baba yake aliona viatu vya binti tu.