Taa Nyekundu ya Kumorhati

Sandhya Naskar aligongwa na treni siku ya Jumanne, saa tisa na dakika thelathini na tatu alasiri, hatua mia mbili kabla ya kituo kidogo cha Kumorhati. Treni yake, iliyotoka Kolkata, ilikuwa imesimama kwenye taa nyekundu. Aliruka, akaangukia njia ya pili, na treni ya kwenda mjini ikamkuta hapo. Wenzake walimfunga mguu kwa sari wakamkimbiza hospitali akiwa hai.

Firoza Laskar, mkaguzi msaidizi wa polisi wa reli, alifika saa kumi na robo. Dereva wa treni ya kutoka Kolkata alimwonyesha taa.

"Taa hii inakuwa nyekundu kila siku, Afande. Wiki mbili sasa. Dakika tatu, kisha inarudi kijani. Wanawake wanashuka hapo hapo. Mimi nifanyeje?"

Zamani treni ile ilisimama Kumorhati. Ratiba ya Aprili ikakifuta kituo hicho kwenye safari yake, na wanawake wanaofanya kazi za ndani mjini wakalazimika kungoja treni inayofika saa kumi na moja. Ndiyo maana waliruka.

Injinia wa reli alikuwa na jibu lake tayari. Mtu akiunganisha reli mbili kwa waya, mitambo hudhani pana treni, na taa iliyo kabla ya hapo hugeuka nyekundu. Anayejua hilo ni mtu wa kazi. Tayari alikuwa amemkamata Gour Mondal, fundi wa njia.

"Kesho saa kumi na moja jioni nataka jina lake kwenye karatasi," alisema.

Firoza alikaa na Gour kwenye benchi.

"Bwana Gour, ni wewe?"

"Andika tu."

"Sikuulizi niandike nini. Nakuuliza ni wewe?"

Gour alitazama viatu vyake. "Sandhya anaendeleaje?"

"Wamemkata mguu. Damu haijakubali kusimama."

Gour alifumba macho. Firoza aliondoka. Alishaona watu wenye hatia na alishaona watu wanaomficha mtu, na huyu alikuwa wa aina ya pili. Ila hisia haiandikwi kwenye ripoti.

Jumatano asubuhi alimhoji Tapan, muuza karanga, ambaye treni iliposimama ndipo alipouza zaidi.

"Mimi?" Tapan alicheka. "Afande, mimi nikiona waya naomba dua. Halafu saa hizo nimo behewa la nne kila siku. Waulize abiria, karanga zangu bado zimo menoni mwao."

Aliwauliza. Ilikuwa kweli, mtu hawezi kuwa ndani ya treni na kwenye reli kwa wakati mmoja.

Saa tano alifungua daftari la gadi wa treni na lile la zamu za mafundi. Tarehe tisa treni ilichelewa dakika ishirini na tano, na taa nayo ikachelewa dakika hizo hizo. Basi mwenye waya hakutega na kuondoka. Alijua treni ilipo. Tarehe kumi na mbili taa haikuwaka nyekundu kabisa, na siku hiyo Gour na wenzake walikuwa wakifanya kazi papo hapo Kumorhati. Siku nyingine zote alikuwa kilomita nane kutoka hapo.

Firoza alitembea kando ya reli, akiinama kila hatua. Nyuma ya kibanda cha tiketi, ubavuni mwa reli zote mbili, palikuwa na sehemu ndogo iliyotolewa kutu hadi kung'aa. Fundi angetumia brashi ya chuma, ambayo huacha mikwaruzo. Hapa hapakuwa na mkwaruzo, ila nyuzi za kahawia zilizoganda. Alizinusa. Ukwaju.

Saa tisa na robo aliingia kibandani. Binapani Gayen, mjane wa miaka hamsini na sita, ndiye aliyeuza tiketi hapo tangu mumewe afe. Baba mkwe wake ndiye aliyetoa ardhi ya kituo, na kijiji kizima kilibeba udongo kwa vikapu kujenga jukwaa. Fremu ya shaba ya dirisha lake iling'aa kama dhahabu.

"Unaisafisha kwa kitu gani, Mama?"

"Ukwaju, binti yangu. Shaba haipendi kingine."

Simu ililia. Binapani alisikiliza, akakata. "Treni imetoka Baruigram. Kituo hicho cha nyuma hupiga ili niwaondoe watu ukingoni, maana siku hizi inapita kasi."

"Tarehe kumi na mbili nani aliwaondoa? Abiria wanasema dirisha lilifungwa."

"Nilikwenda kupimwa macho."

"Na siku hiyo tu treni haikusimama."

Binapani aliketi taratibu. Nje, treni ilipita bila kupunguza mwendo, kibanda kizima kikatikisika.

"Gour hana kosa," Binapani alisema kelele zilipokwisha. "Siku moja alinizuia nisivuke reli nikiwa na fimbo ya chuma, akanieleza sababu. Hakujua nitaitumia."

"Kwa nini, Mama?"

"Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili. Mkwe wangu Shefali, mama yake, alizoea kufika saa tisa na nusu. Aprili akaanza kufika saa kumi na moja. Jirani alisinzia, mtoto akaenda bwawani, akazama. Mimi nilikuwa hapa, nauza tiketi." Alijipangusa uso kwa ncha ya sari. "Tuliwaandikia watu wa reli barua tano. Nikasema, basi nitaisimamisha mwenyewe. Dakika tatu tu. Sikufikiria njia ya pili."

Alifungua droo, akatoa waya wenye sumaku kila ncha, akauweka mezani.

"Lazima nikuchukue," Firoza alisema.

"Najua. Lakini treni ya mjini ya saa kumi na dakika kumi ina watu. Wakikamatwa bila tiketi ni faini."

Walinzi wa usiku na wauza mboga walikuwa wameshapanga foleni. Firoza alimpigia injinia, akamwambia amwachie Gour, kisha akasimama mlangoni. Binapani aliuza tiketi moja moja, akimtaja kila mtu kwa jina.

Simu ya Firoza ililia. Ilikuwa hospitali. Alisikiliza, akasema "sawa," akairudisha mfukoni. Foleni ilikuwa bado na watu sita. Aliendelea kusimama mlangoni.

Wa mwisho alipoondoka, Binapani alifunga dirisha, akageuka, akamwangalia Firoza usoni.

"Amekufa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na dakika mbili, Mama."

Binapani alinyoosha mikono yote miwili.