Jante Ilipolia, Wakacheza

— Rosine, sikia! Bwana yako anakuimbia muchana kweupe!

Esther-Divine, rafiki yangu, alicheka huku akinipiga bega kwa mkono wenye unga wa muhogo. Soko la kijiji chetu cha Wamaza lilikuwa limejaa. Mlio wa chuma ulikuwa unakuja, haraka haraka, unanyamaza, unarudia. Vijana kwenye kibanda cha kuchaji simu wakaanza kucheza.

Nikatazama kile kibanda. Spika ilikuwa imezimwa.

— Esther, hiyo si muziki. Iko baba mwenyewe anagonga.

— Acha woga, dada! Kila siku tunaisikia.

Nikageuka kutazama kilima.

Baba yangu, Gérard, alikuwa mlinzi wa kilima. Akiona watu wenye silaha wanakuja, aligonga jante, chuma cha gurudumu la lori bovu, na kijiji chote kilikimbilia porini. Nathanaël, mchumba wangu wa mjini Kasongo, aliusikia mlio huo siku moja baba akiijaribu jante, akaurekodi. Akauingiza kwenye kompyuta yake, akaujengea ngoma nzito zisizo na maneno. Albamu aliyoitoa kwa mlio huo, ya muziki wa tekno, ilimpa jina. Ilipigwa Bukavu, Kampala, hata Ulaya, na vijana wengi wenye kompyuta wakaanza kurekodi vyuma vya kwao. Baba alikuwa amemwambia: “Beba, mutoto wangu. Lakini isirudi huku.” Ilirudi, ndani ya simu za watu wa pikipiki.

Nikampigia Nathanaël palepale.

— Natha, jante inalia!

— Wanaipiga tena? Aa, mupenzi, hawa vijana...

— Iko baba anagonga! Na watu wanacheza, Natha! Wanacheza!

Halafu sauti yake, ndogo kabisa:

— Kimbia. Acha simu, kimbia! Rosine, naku...

Simu ikakatika.

Nilipiga kelele hadi koo likawaka. Waliokuwa karibu walinicheka. Ni mama yangu, Véronique, aliyepindua meza yake ya samaki katikati ya njia.

— Mume wangu hajue kucheza! Mukimbie!

Hapo watu wakaelewa. Watoto wakanyakuliwa, viatu vikabaki.

Desturi ilikuwa baba agonge kidogo, kisha naye atoroke. Siku ile alitazama chini, akaona hatukimbii. Akaendelea kugonga. Tulikuwa tayari porini tuliposikia risasi, kisha jante ikanyamaza.

Tuliporudi tulimzika. Ujumbe wa Nathanaël ukaingia: “Nimeifuta albamu kila mahali nilipoweza. Iliyo kwenye simu za watu imenishinda. Niko njiani. Kama hamunitaki, sema, nitarudi nyuma.”

Sikujibu. Alifika akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akapiga magoti mbele ya mama.

— Mama, unipige ao unifukuze.

— Nikikupiga, Gérard ataamuka? Kaa chini.

Alikaa. Mama hakumtazama.

— Tumechagua alama ingine ya hatari. Hata mutoto mudogo anaijua. Wewe hautaambiwa. Hata ukimuoa Rosine, hautaambiwa. Masikio yako hatuyaamini tena.

— Na nikikaa huku?

— Utakaa bila kujua.

Nilitoka naye nyuma ya nyumba. Kule Kasongo Nathanaël alikuwa na chumba chake, umeme wa jua, na watu waliomngoja.

— Wewe unataka niende?

— Sijue, Natha. Ukienda naogopa. Ukibaki naogopa zaidi.

— Ulininyima jibu kwa hasira, sasa uko na woga tu?

— Hasira ningali nayo. Usinichekeshe.

— Basi nitabaki huku, na hasira yako.

Matanga yalipoisha, Baba Musafiri, mdogo wa baba, alipokea mahari. Tukafunga ndoa kanisani bila spika hata moja. Watu walikuja, wakala, wakamsalimia bwana harusi kwa adabu. Hakuna aliyekaa karibu naye muda mrefu.

Sasa analima na sisi. Mchi ukianguka kwa jirani, au mbuzi akigonga sufuria, kijiko chake kinasimama njiani. Hatazami kilima. Anatazama uso wangu.

— Ndiyo alama yenyewe?

— Hapana, Natha. Kula.